Mstatili mkubwa kabisa katika safu ya nguzo: steki inanipa jibu pungufu

Swali
Ndugu zangu, nina safu ya urefu wa nguzo zilizosimama bega kwa bega, kila moja ikiwa na upana wa 1, nami natakiwa kutafuta eneo la mstatili mkubwa kabisa unaoenea ndani yake. Njia ya vitanzi viwili, yaani marudio ndani ya marudio yanayopima kila jozi ya mwanzo na mwisho, ilikuwa sahihi, lakini kwa nguzo 200,000 inapitia jozi zipatazo bilioni 20, na muda unakwisha kabla ya kazi. Sasa natumia steki, yaani rundo ambalo kinachoingia mwisho ndicho hutoka kwanza, na kila nguzo naiingiza kwa zamu: nguzo mpya ikiwa fupi kuliko iliyo juu ya steki, naitoa ile ya juu na kupima eneo lake kuanzia nafasi yake hadi nilipofika. Kwa safu ya 3, 1, 5, 6, 4 napata 10, ilhali jibu ni 12. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza
Kosa liko kwenye upana. Mpaka wa kushoto wa nguzo inayotolewa si nafasi yake yenyewe, bali ni nguzo inayobaki juu ya steki baada yake, kwa kuwa hiyo ndiyo fupi iliyo karibu nayo zaidi upande huo. Itazame 4, iliyo nafasi ya 4 tukianza na 0. Ilipoingia, 6 na 5 zilikwisha kutolewa, hivyo chini yake ipo 1, ya nafasi ya 1. Safu inakoma nafasi ya 5. Upana ni 5 − 1 − 1, yaani 3, na eneo ni 12. Wewe uliipa upana wa 1, kana kwamba 5 na 6 hazikuwapo, nazo ni ndefu kuliko yenyewe. Steki ikibaki tupu, upana ni namba ya nafasi uliyofikia.

Jibu la pili
Naafiki. Hifadhi nafasi, si urefu, na uongeze 0 mwishoni mwa safu ili zilizosalia zitoke zenyewe. Kitanzi cha ndani kisikutishe: kila nafasi huingia mara moja na kutoka mara moja, kwa hiyo nguzo zako 200,000 hazizidi hatua 400,000 hivi za kuingiza na kutoa.

Muulizaji
Nashukuru sana, nimepata 12. Je, nguzo mbili zikilingana urefu, niitoe ya juu au niiache?

Jibu la kwanza
Vyovyote vile. Ukiitoa, ya kwanza hupata upana pungufu, lakini ya mwisho kati ya zinazolingana hupata upana kamili. Ukiiacha, ni kinyume chake.