Nimeondolewa tezi ya shingo: je, vidonge hivi ni vya maisha yangu yote?

Mleta mada

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Miezi minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi yote ya thairoidi kwa sababu ya goita iliyokuwa imeanza kubana njia ya hewa. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani nilipewa dawa za aina mbili: thairoksini, ambayo bahasha yake iliandikwa 1x1, na kalsiamu, iliyoandikwa 1x3. Kidonda kilipona vizuri, na kwa miezi miwili ya mwanzo sikukosa hata siku moja.

Kisha nilisafiri nikasahau dawa. Nilikaa siku nne bila kumeza chochote, na kwa kuwa sikuona mabadiliko yoyote, nilianza kuamini kwamba mwili umeshazoea, nikawa nameza siku ninayokumbuka tu, tena vidonge vyote viwili kwa pamoja na chai ya maziwa. Sasa nachoka kabla ya saa sita mchana, nasikia baridi hata wenzangu wanapotokwa na jasho, na tangu juzi midomo na ncha za vidole zinaingia ganzi yenye kuchomachoma. Naona aibu kurudi kliniki wakati nimejiharibia mwenyewe. Naombeni ushauri.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, ndugu. Kabla ya mengine yote, hiyo ganzi usilale nayo. Nyuma ya tezi ya thairoidi huwa kuna vitezi vinne, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa punje ya mchele, vinavyosimamia kiwango cha kalsiamu katika damu, na upasuaji unaweza kuvijeruhi kwa muda au kabisa. Kalsiamu ikishuka, dalili huanza hivyo hivyo unavyoeleza. Ikizidi kushuka, misuli hukakamaa, na mgonjwa anaweza kupata degedege au moyo ukapiga bila mpangilio. Nenda hospitali leo upimwe damu.

Mchangiaji wa pili

Mimi niliondolewa tezi miaka sita iliyopita na kosa hilo nililifanya pia. Zile siku nne zilikudanganya kwa sababu thairoksini hutoka mwilini polepole: baada ya takriban siku 7, nusu yake bado imo. Ulikuwa unakula akiba. Kwa kuwa tezi iliyokuwa ikitengeneza homoni hiyo haipo tena, kidonge hicho ndicho kinachoshika nafasi yake, na utakimeza maisha yako yote. Kalsiamu ni tofauti kidogo, kwani wengi hupunguziwa hadi wakaiacha, ila daktari ndiye anayeamua baada ya kuona vipimo.

Mchangiaji wa tatu

Naongezea kuhusu saa, maana 1x1 humwambia mgonjwa idadi, haimwambii wakati, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Thairoksini humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Kalsiamu huishika tumboni isifyonzwe vizuri, kwa hiyo ziachanishe kwa saa 4. Vidonge vya madini ya chuma navyo ni hivyo hivyo, na hiyo chai ya maziwa isubiri. Mimi huweka kidonge na bilauri ya maji kando ya kitanda kabla ya kulala, nikameza hata kabla sijasimama. Ukikosa siku moja, usimeze viwili ili kufidia bila kuelekezwa.

Na tafadhali, mweleze daktari siku zote ulizoruka. Akidhani ulimeza kila siku, ataona homoni iko chini na huenda akakuongezea dozi usiyoihitaji.

Mleta mada

Asanteni sana. Nimetoka hospitali jioni hii; kalsiamu imekutwa chini, nimetundikiwa dripu na ile ganzi imepungua. Nilimweleza daktari ukweli wote, naye hakunigombeza. Thairoksini naianza upya kwa dozi ile ile, na kipimo cha homoni kitarudiwa baada ya wiki 6. Bahasha zote mbili nimeziandika saa kwa kalamu nyekundu.