Sungura mchanga anakojoa chini ya kabati: nimfundisheje kutumia beseni?

MamaWawili_Isevya

Ndugu zangu wafugaji, nawasalimu kutoka Tabora. Mwezi uliopita watoto walinishinda nguvu, nikawanunulia sungura mmoja mweupe, jike, ambaye aliyetuuzia alisema ana wiki kumi. Hatumfugi kwa ajili ya nyama. Anaishi nasi ndani, katika chumba cha nyuma chenye sakafu ya sementi, na usiku tunamfungia humo kwa kuhofia paka wa mtaani.

Tatizo langu ni choo. Nilichukua beseni la plastiki, nikalijaza vumbi la mbao nililopewa bure na seremala wa jirani, nikaliweka karibu na mlango ili iwe rahisi kwangu kulisafisha. Sungura huyu analipenda sana beseni hilo, ila kwa kulala. Mkojo wote anaupeleka chini ya kabati la vyombo, kona ile ile kila siku, na vidonge vya kinyesi vinazagaa chumba kizima. Jirani mmoja alinishauri nimsugue pua kwenye mkojo wake hadi akome; nimefanya hivyo mara mbili, na nilichopata ni kwamba sasa akiniona anakimbia. Zaidi ya hayo, juzi mkojo ulikuwa na rangi ya kutu, nikaogopa kuwa ni damu. Je, mnyama huyu anafundishika, au nimjengee banda nje yaishe?

Mfugaji wa Ng'ambo

Dada, usimtoe nje bado. Kwa maelezo yako, ameshafanya nusu ya kazi mwenyewe, kwa maana amechagua kona na haibadilishi. Wewe uliweka beseni mahali panapokufaa wewe, naye akachagua panapomfaa yeye, penye kiza na ukuta mgongoni, na katika ubishi wa namna hii sungura ndiye hushinda. Ondoa kabati, uweke beseni pale pale.

Mkojo ufute kwa gazeti, kisha gazeti hilo lililolowa uliweke ndani ya beseni pamoja na vidonge vichache, kwa sababu pua ndiyo inayomwongoza. Sakafu uisugue kwa siki iliyochanganywa na maji, kwa kuwa mkojo wa sungura una kalisi nyingi ambayo ikikauka huacha utando mweupe usiotoka kwa sabuni peke yake. Ila suuza upesi, maana siki hula sementi.

Vumbi la mbao limwage leo hii. Maseremala wengi wa hapa kwetu hufanya kazi na mninga, ambao vumbi lake huwasha pua na mapafu hata ya mtu mzima, sembuse kiumbe ambaye pua yake iko sentimita chache kutoka chini. Tandika magazeti, na juu yake ujaze nyasi kavu. Sungura hupenda kujisaidia huku akitafuna, kwa hiyo nyasi zake za kula ziwe upande mmoja wa beseni, mahali anapozifikia akiwa ameketi ndani. Kwa siku za mwanzo mzibie sehemu ya chumba kwa mbao au maboksi, abaki na eneo dogo lenye beseni, maji na chakula. Akizoea, umwongezee nafasi kidogo kidogo. Ukifuata hayo, wiki moja inatosha.

Aliyesomea mifugo

Naafiki karibu yote, ila hiyo wiki moja nisingemwahidi mtu. Sungura wa wiki kumi bado ni mtoto, na hata akijifunza vizuri sasa, atakapopevuka akiwa na miezi minne hadi sita huenda akarudi kudondosha vidonge na hata kurusha mkojo ili kuweka alama za himaya yake. Hapo si kwamba amesahau. Kumfunga kizazi ndiko hupunguza tabia hiyo zaidi, lakini mtafute daktari wa mifugo aliyewahi kufanya upasuaji huo kwa sungura, kwa kuwa usingizi wa dawa huwahatarisha kuliko mbwa au paka.

Mama, tofautisha pia mkojo na vidonge. Mkojo ukiingia kwenye beseni, hesabu kwamba umefaulu; vidonge vikavu vichache vitaendelea kuonekana sakafuni, na ufagio unavitosha. Ukimwona akiinama na kula kinyesi laini kinachong'aa, chenye umbo la kishada, usimzuie, kwani ndicho kinachompa vitamini zilizotengenezwa tumboni mwake.

Rangi ya kutu mara nyingi hutokana na majani aliyokula, na huisha baada ya siku moja mbili. Lakini ukiona mabonge au michirizi ya damu ndani ya mkojo wa rangi ya kawaida, au akijikamua bila kutoa kitu, au akiacha kula kwa nusu siku, mwone afisa mifugo bila kungoja kesho.

Na hiyo ya kumsugua pua iache kabisa. Haoni uhusiano wowote kati ya mkono wako na mkojo. Anachojifunza ni kwamba wewe ni adui.

Kijana wa Ujiji

Mimi niko Kigoma, na wangu naye alikuwa akilala chooni. Nilimwekea boksi la karatasi lenye matundu mawili, moja la kuingilia na jingine la kutokea, akahamia humo usiku ule ule. Tatizo lilikuwa kwamba hakuwa na pengine pa kujificha.

MamaWawili_Isevya

Narudi na taarifa, leo ikiwa siku ya tisa. Kabati limehamia jikoni, beseni liko konani, na tangu Jumatatu sijakuta mkojo sakafuni isipokuwa mara moja, siku ambayo watoto walibadilisha nyasi zote kwa wakati mmoja na kuondoa harufu yake. Sasa tunabakiza kiganja kimoja cha zile za zamani. Rangi ya kutu iliisha yenyewe. Vidonge bado ninafagia asubuhi, navimwaga moja kwa moja kwenye tuta la mchicha. Kilichobaki ni mimi na yeye: bado hanikaribii nikiwa nimesimama, hivyo jioni nakaa chini kwenye mkeka, namwacha aje anapotaka.