Saa janja yaisha chaji kabla ya Alasiri nikiwa nyumbani, nikitoka yadumu. Nini chaila?

MwanaLangoni (Lamu)

Assalaam aleikum wakuu. Nina saa ya Wear OS (mfumo wa Google wa saa janja), betri yake ni mAh 361 (kipimo cha ujazo wake), ya Bluetooth tu, haina laini. Ina mwaka mmoja na nusu. Naitoa kwenye chaji saa 12 asubuhi ikiwa 100, na adhana ya Alasiri yaikuta kwenye 20. Cha ajabu, siku nikivuka Mokowe nikashinda huko, Magharibi narudi nayo ingali 55. Mipangilio ni ile ile, arifa ni zile zile.

Nilivyokwisha kujaribu: kioo cha kuwaka muda wote nimekizima, mwangaza nimeupunguza, sura ya saa ni nyeusi tupu. Usiku nikilala nayo saa 7 yashuka kwa 24. Nikiiweka hali ya ndegeni, saa 7 hizo hizo yashuka kwa 6 tu. Simu huwa ndani, kidakani (kishimo cha ukutani), kwenye chaji, mie niko kiwandani (ua wa ndani ya nyumba) au dakani (baraza ya mlangoni). Usiku nalala chumba cha juu na simu yabaki huko huko chini.

Fundi asema betri imechoka, nibadilishe. Kabla sijatoa pesa, ni betri kweli?

fundi_wa_Malindi

Waaleikum salaam. Pesa irudishe mfukoni kwanza, maana jibu liko ndani ya hesabu zako mwenyewe.

Asilimia 1 ya betri yako ni mAh 3.6. Usiku wa kawaida umetumia kama mAh 87 kwa saa 7, wastani wa mA 12 na kidogo. Usiku wa ndegeni umetumia mAh 22, wastani wa mA 3. Betri iliyochoka haichagui usiku: ingeshuka upesi hali zote mbili kwa sababu tangi lenyewe limekuwa dogo. Yako yakaa vizuri redio zake (Bluetooth na Wi-Fi) zikizimwa, kisha yala mara nne zikiwashwa. Hilo ni tatizo la matumizi, si la tangi.

Sasa usizime vitu kumi kwa mpigo. Utapata nafuu na hutajua ni kipi kilichokuponya. Fanya vipimo vya saa 2 kila kimoja, uanzie kwenye 90 wala si 100, kwa sababu asilimia za juu kabisa kwenye saa nyingi si za kuaminika: mara yakaa 100 nusu saa, mara yaruka. Cha kwanza, ndegeni na sensa ya moyo imezimwa. Huo ndio msingi wako. Asilimia 1 kwa saa au chini yake ni sawa. Ukiona 3 hata hapo, kuna programu imekwama au betri kweli ina neno. Cha pili, Bluetooth imewashwa na simu iko mfukoni mwako. Cha tatu, kila kitu kama cha pili ila simu irudi pale inapokaa siku zote. Tofauti kati ya cha pili na cha tatu ndiyo nnayoitaka mimi. Cha nne, rudisha sensa ya moyo.

Kama saa imesasishwa mfumo wiki hii, ngoja siku mbili ndipo upime. Baada ya sasisho huwa yapanga upya programu zake kimyakimya, na yala sana.

Mkomani_Juu

Fundi wa Malindi amefika karibu, mie nataja jina la mwizi: ni ukuta.

Nyumba ya mawe ya Lamu ukuta wake ni matumbawe na chokaa, unene nusu mita hivi. Bluetooth ya saa ni redio dogo mno, kipimo chake cha kawaida ni mita 10 mahali peupe. Sasa hesabu: simu imetiwa kidakani, yaani imezungukwa na jiwe pande zote isipokuwa mbele. Kutoka ndani hadi kiwandani kuna msana wa yuu na msana wa tini (kumbi mbili ndefu nyembamba, ya juu na ya chini), kila kimoja na ukuta wake. Ukitoka dakani ndio umeongeza na tekani (kiingilio cha ndani). Na huko chumbani juu umeweka dari nzima la mawe katikati.

Haikatiki moja kwa moja, na hapo ndipo penye hasara. Ingekatika kabisa, saa ingetulia kiasi. Inashika, inaachia, inashika. Kila ikidhoofika, saa huongeza nguvu ya kurusha na kurudia pakiti za data zilizopotea. Ikiachia, huanza kuitafuta simu upya. Na Wear OS ikipoteza Bluetooth ina tabia ya kuwasha Wi-Fi yenyewe ili ipate arifa kwa njia ya intaneti. Wi-Fi ndiyo mlafi kuliko wote hapo, hasa ikiwa ruta nayo iko nyuma ya ukuta. Mokowe simu iko mfukoni, hakuna cha kutafuta. Ndiyo maana yadumu.

Dawa: kwenye saa ingia Mipangilio, Muunganisho, Wi-Fi, uiondoe kwenye automatiki uizime kabisa (majina hutofautiana kidogo kwa kila kampuni). Kisha itoe simu kidakani uiweke msana wa tini, mahali ambapo kati yake na kiwanda kuna uwazi wa mlango, si jiwe. Usiku iweke chumba kimoja nawe, au acha saa kwenye hali ya ndegeni. Usingizi hurekodiwa ndani ya saa yenyewe, na asubuhi ukirudisha Bluetooth rekodi zinahamia kwenye simu. Hupotezi kitu.

waya_mwekundu

Nyongeza kwa anayetaka ushahidi badala ya kukisia. Wear OS ni Android, kwa hiyo daftari la betri lasomeka kwa kompyuta, kwa programu iitwayo adb.

Kwenye saa: Mipangilio, Kuhusu saa, tafuta nambari ya muundo uiguse mara 7. Zitatokea chaguo za wasanidi programu. Humo washa utatuzi, kisha utatuzi usiotumia waya. Saa na kompyuta ziwe kwenye Wi-Fi moja. Chagua kuoanisha kifaa kipya, utapewa anwani na nambari ya tarakimu 6:

`adb pair 192.168.1.20:37555`

Ukishaoanisha, rudi nyuma ukurasa mmoja. Utaona anwani ile ile ila mlango (tarakimu zilizo baada ya nukta mbili) mwingine. Huo ndio wa kuunganishia:

`adb connect 192.168.1.20:41233`

Wengi hukwama hapa kwa kutumia mlango wa kuoanishia mara ya pili, kisha wakalaumu saa. (Anwani hizo ni mfano, tumia zako.)

`adb shell dumpsys batterystats --reset`

Sasa zima utatuzi usiotumia waya, maana wenyewe washikilia Wi-Fi na utaharibu kipimo. Ivae saa yako kwa muda wa saa 5 au 6 bila kuichaji. Kisha washa tena, unganisha, na utoe daftari:

`adb shell dumpsys batterystats > saa.txt`

Ndani ya faili tafuta "Estimated power use". Chini yake ni orodha ya walaji kwa mAh. Programu haziandikwi kwa jina bali kama u0a123. Ili kujua ni nani:

`adb shell pm list packages -U`

u0a123 ni ile yenye uid 10123. Angalia pia muda wa Wi-Fi kuwa hai. Ikiwa Bluetooth ilitakiwa kubeba kila kitu na wewe waona Wi-Fi imeamka saa 3 kati ya 6, maneno ya Mkomani_Juu yamethibiti.

BintiShela

Mkimaliza kuta, tazameni na mkono wenyewe. Sensa ya moyo hupiga mwanga wa kijani kwenye ngozi na kusoma unaorudi. Mwanga ukirudi hafifu, saa nyingi huongeza nguvu ya taa. Mkanda uliolegea hufanya hivyo, na piko pia, kama tatuu: rangi nyeusi yanywa ule mwanga. Aliyepakwa piko hadi kifundoni ataona saa yadhani imevuliwa, yajifunga, yadai nambari ya siri, na kila mara kioo chawaka. Piko ikiwa bado imekoza, vaa mkono mwingine au ingiza saa juu kidogo ya kifundo, kwenye ngozi isiyo na rangi. Mkanda ubane kiasi cha kupitisha ncha ya kidole kidogo tu.

Oksijeni ya damu ya usiku kucha izime kama hukushauriwa na daktari. Hiyo ni taa nyekundu juu ya ile ya kijani.

Jingine ni programu za nyakati za swala. Nyingi, zikiwekwa kwenye sura ya saa, huomba mahali ulipo tena na tena. Za nini? Weka mahali kwa mkono: Lamu ni latitudo −2.27, longitudo 40.90. Malindi ni −3.22 na 40.12. Kisha ondoa ruhusa ya mahali kabisa. Hata ukisafiri hadi Malindi ukasahau kubadilisha, tofauti ya longitudo haifiki digrii moja, yaani dakika 3 tu. Siku ya safari tazama saa ya msikiti.

pwani_saa_na_simu

Kwa upande wa kuchaji, kwa sababu wengine watasoma hapa na shida yao si ukuta.

Saa zenye vipini vya chuma mgongoni vya kupokelea chaji: chumvi ya bahari ikikauka pale halafu ukachaji na unyevu, umeme hula chuma. Rangi ya kijani mnayoiona ndiyo hiyo. Chaja yashika nusu, saa haijai, mtu asema betri mbovu. Baada ya kuogelea isuuze kwa maji matamu (si ya kisima kilichoingia chumvi), futa, iache ikauke, ndipo uichaji. Ukungu wa kijani usugue kwa mswaki laini na spiriti, saa ikiwa imezimwa.

Stima ikipotea na mnachaji kwa benki ya umeme (power bank): saa yavuta mkondo mdogo sana, na ikikaribia kujaa wapungua zaidi. Benki nyingi zadhani hakuna kitu zikajizima, asubuhi wakuta saa 80 badala ya 100. Baadhi zina hali ya mkondo mdogo, mara nyingi kwa kubofya kitufe mara mbili. Na msichaji barazani kwenye jua. Lithiamu haipendi joto, na saa nzuri husimamisha kuchaji ikipata moto.

Kuhusu kubadilisha betri, siku ikifika: soma maandishi kwenye ile ya zamani. Nyingi za saa ni V 3.85 zinazojazwa hadi V 4.4. Ukitiwa ya V 3.7 inayotakiwa kusimama V 4.2, saa haitajua, itaijaza kupita kiasi. Kulingana ukubwa hakutoshi. Pia, saa iliyofunguliwa isiingizwe tena baharini, ile gundi ya kuzuia maji imeshakatwa. Na mgongo au kioo kikianza kuinuka chenyewe, betri imevimba: acha kuichaji siku hiyo hiyo.

MwanaLangoni (Lamu)

Nimerudi na majibu. Kipimo cha kwanza: asilimia 1.5 kwa saa 2. Cha pili: 5. Cha tatu, simu kidakani na mie kiwandani: 16. Sina la kubisha tena.

Wi-Fi ya saa nimeizima, simu nimeihamishia msana wa tini. Leo Alasiri imekuta 68. Usiku, simu ikiwa chumbani, yashuka kwa 11. Kwenye daftari la adb aliyeongoza ni u0a mmoja, nikamkuta ni programu ya swala, kama alivyosema BintiShela. Nimeinyima ruhusa na usiku umekuwa 8.

Limebaki moja. Ikifika 15 huruka ghafla hadi 6.

fundi_wa_Malindi

Hicho ni kipimo cha betri kimepotea hesabu. Itumie mara moja hadi ijizime yenyewe, ichaji bila kuikatiza hadi 100, uiache kwenye chaja saa moja zaidi. Mara moja tu, usiifanye desturi. Wanaosema betri ya lithiamu "ifundishwe" kwa kumalizwa kila wiki wanaiua.

Ikiendelea kuruka baada ya hapo, tena iwe yaruka hasa pale inapotetema au kioo kinapowaka, basi ukinzani wa ndani umepanda na volti yadondoka ikipata mzigo. Hapo maneno ya yule fundi wako yatakuwa na mashiko. Ila kwa saa inayofika Alasiri na 68, mie ningeiacha hivyo ilivyo.