Naomba ushauri: fundi mkali wa kazi lakini anavunja vijana moyo

Habari zenu wadau. Mi nasimamia gereji hapa Kisumu upande wa Kondele, na niko na fundi wa injini hatari sana, gari ikinguruma tu ashajua shida iko wapi, lakini vijana wanaojifunza kazi anawafokea mbele ya kastoma, juzi amempokonya mmoja spana akamwambia arudi kwao akalime. Huyo kijana siku hizi hata kuuliza haulizi, na hiyo ndio inaniuma sana. Mdosi anataka nimfute huyo fundi tu, lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inasema lazima asikilizwe kwanza, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake hapo. Mi nafikiria nimpe kijana mmoja amfundishe mpaka aive. Itasaidia ama nitaharibu zaidi? Na nikimwita kando nianzie wapi?