Shahada ya uuguzi ukubwani: chuo kikubwa cha mbali, cha jirani, au elimu masafa?

Hesabu_Zimenichosha
Wadau, habari za humu. Nina miaka 38, watoto wawili wa shule ya msingi, na miaka 13 ya kukagua hesabu za watu wengine. Mwaka jana nilimuuguza mama kwa miezi minne. Nikawa naulizauliza kila kitu, dripu hii ya nini, mbona mkojo unapimwa, hadi muuguzi mmoja akaniambia, "Dada, wewe ulikosea kazi." Maneno hayo yamegoma kunitoka.

Nimekubaliwa vyuo vitatu na vyote vinataka jibu ndani ya wiki tatu. Cha kwanza ni chuo kikuu cha zamani chenye hospitali yake ya kufundishia. Kwenda saa moja na nusu, kurudi vivyo hivyo. Cha pili ni kidogo, kitivo chake cha uuguzi kina miaka sita tu, lakini nafika kwa miguu. Cha tatu ni masafa: nadharia yote mtandaoni, maabara unaitwa wiki chache kila muhula.

Moyo uko cha kwanza, miguu inataka cha pili. Waliopita njia hii wanisaidie.

Mwaka_wa_Tatu
Nenda chuo kikubwa, dada. Maabara, maktaba, jina. Mimi nina miaka 22 na sijutii.

ZamuYaUsiku
Mdogo wangu hapo juu, una miaka 22 na huna wa kumwamsha aende shule 😀

Dada, mimi nilianza nikiwa na 41, sasa ni mwaka wa sita niko wodi ya upasuaji. Nilichagua chuo cha karibu, nikajiona mjanja, na nusura niache mwaka wa pili. Masomo hayakunishinda. Kilichonishinda ni kwamba karibu nusu ya shahada hii haifanyiki chuoni. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zinadai saa zisizopungua 4,600 za mafunzo kwa muuguzi, na angalau nusu ziwe za kliniki, mbele ya wagonjwa. Hizo saa hujipangii. Unapangiwa.

Mimi nilipangiwa hospitali ya mbali wiki nane mfululizo, na ratiba niliipata siku tano kabla. Zamu ya asubuhi inaanza saa moja kamili, maana yake natoka nyumbani usiku. Mtoto wa mwisho nilikuwa nambeba akiwa usingizini nampeleka kwa jirani. Mwalimu msimamizi nikamweleza, akanijibu kwamba wenzangu wote wanaweza. Wenzangu wote walikuwa na miaka ishirini.

Kwa hiyo usipime umbali wa lango la chuo. Piga simu uulize: wodi mnazotumia ziko hospitali zipi? Ratiba inatoka wiki ngapi kabla? Mwenye watoto anaweza kuomba asianze na zamu za usiku? Na wakati wa kliniki mwanafunzi anahesabiwa kama mfanyakazi wa zamu, au yuko juu ya idadi, yaani ni wa ziada, yupo kujifunza tu? Hilo la mwisho watu hulisahau. Ukihesabiwa kama mfanyakazi utatandika vitanda na kupima presha mwaka mzima, kufundishwa hakuna.

Bwana_Ithibati
Kabla ya yote hayo: kitivo kinatambuliwa na baraza la wauguzi? Simaanishi chuo kwa jumla, namaanisha programu hiyo hiyo ya uuguzi. Ni idhini mbili tofauti. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, shahada yako ikawa halali, na baraza likakunyima leseni. Hapo unabaki na joho la mahafali. Kitivo cha miaka sita nisingekiogopa kwa uchanga wake, ila ningesoma jina lake kwa macho yangu kwenye orodha ya baraza.

Pili, watakutajia asilimia ya waliofaulu mtihani wa leseni. Waulize na darasa lile lilianza na watu wangapi. Chuo kinachowachuja wanafunzi dhaifu mwaka wa pili lazima king'are mwishoni. Wewe ni mtu wa hesabu, huo mchezo unaujua.

Mdoli_Hatapiki
Jina langu linatosha kuonyesha msimamo wangu kuhusu maabara, lakini nitatenda haki. Marekani walifanya utafiti mkubwa, matokeo yakatoka 2014: hata nusu ya saa za kliniki zilipobadilishwa kuwa mazoezi ya kuigiza maabara, kwa midoli inayokaa badala ya wagonjwa, wahitimu hawakutofautiana kwa maana kwenye ujuzi wala kufaulu mtihani wa leseni. Sharti ni vifaa bora na wakufunzi waliofunzwa kazi hiyo. Kwa hiyo masafa si chuo cha mchezo, kama maabara zao zimekaa sawa.

Tatizo la masafa liko kwingine. Mimi nilianzia huko. Siku ya kliniki ilipofika, chuo kikaniambia nitafute hospitali ya kunipokea mwenyewe. Nilizungukia nne. Zote zilikuwa na wanafunzi wa vyuo vyao. Nikapoteza muhula mzima, nikahama.

Hesabu_Zimenichosha
Nimerudi. Nilitumia mapumziko ya mchana ya siku mbili kupiga simu, na vyote vitatu nimevikuta kwenye orodha ya baraza.

Masafa: "Tutakupa barua ya utambulisho." Yaani yaleyale ya Mdoli. Nimekifuta.

Cha jirani: wanatumia hospitali tatu, na ya mbali kabisa ni zaidi ya saa moja na nusu. Ratiba hutoka wiki mbili kabla. Mama aliyepokea simu alikuwa mkweli hadi nikampenda, akasema mwaka wa pili utakuwa huko zaidi.

Cha mbali: kliniki karibu zote ni kwenye hospitali yao, ratiba ya muhula mzima inatoka wiki kumi kabla, mwanafunzi yuko juu ya idadi. Usiku hausameheki, ila unaruhusiwa kubadilishana zamu na mwenzako msimamizi akisaini.

Basi cha jirani kumbe ni cha mbali, tena bila taarifa. Naelekea cha kwanza. Mume nimemweleza habari ya safari, habari ya zamu za usiku bado. Na hesabu za vipimo vya dawa nasikia zinaangusha watu?

ZamuYaUsiku
Wewe hazitakuangusha. Kuzidisha, kugawanya, na kutochanganya miligramu na mikrogramu. Kitakachokusumbua ni kuwa mwanagenzi tena, kurekebishwa na mtoto wa miaka 24 mbele ya mgonjwa. Nilikasirika mwezi wa kwanza, halafu nikagundua alikuwa sahihi mara nyingi mno. Hizo zamu za usiku mwambie mzee leo, asije kuzisoma kwenye ratiba.

Bwana_Ithibati
Na chanjo ya homa ya ini B kama hujachanjwa. Kwa kawaida ni dozi tatu, ya mwisho miezi sita baada ya ya kwanza, na wodi nyingi hazikupokei bila cheti. Kila mwaka kuna mtu anaachwa nje kwa sababu hiyo. Anza wiki hii.