Tupeane uzoefu: tamthilia ya muziki iliyokukuna, na pale ilipopwaya

MtotoWaKizingo
Wakuu, salamu. Mwaka 2025 nilibahatika kuiona Goddess pale Public Theater, New York, na hadi leo sijaamua niiweke fungu gani. Imetungwa Marekani ila kisa chake kiko Mombasa. Mwelekezi ni Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Mchezo umeandikwa na Jocelyn Bioh, nyimbo ni za Michael Thurber. Ilianzia Berkeley, California, mwaka 2022.

Omari, kijana wa familia ya kisiasa, amerudi kutoka masomoni Marekani. Nyumbani wameshampangia maisha, yeye roho iko kwenye saksafoni. Usiku anatorokea klabu iitwayo Moto Moto, anakutana na mwimbaji Nadira, ambaye kumbe ni Marimba, mungu wa muziki aliyejificha katika umbo la binadamu.

Uzuri wake wa kwanza ni Amber Iman, aliyecheza Nadira. Kuna mahali anaishusha sauti chini kabisa, bendi inamwachia, na watu wanaacha hata kukohoa. Ukumbi si mkubwa, ukikaa mbele unaliona jasho la shingoni. Wachezaji nao hawapoi.

Tatizo ni hadithi. Kijana anataka muziki, wazazi wanataka siasa: nilishajua itakakoelekea kabla sijakaa vizuri kitini. Halafu wimbo ukiisha, wahusika wanaanza kuelezana yaleyale ambayo wimbo umeshayasema. Na kwangu mtu wa Pwani, Mombasa ile ingeweza kuwa mji wowote wenye minazi. Marimba si wa simulizi zetu. Kwetu akitokea mwanamke mzuri asiyejulikana atokako, tena wa usiku, kitu cha kwanza unamtazama miguu, usije ukakuta kwato za jini! Hofu hiyo ingeyapa mapenzi yao makali, tena ipo bure, haina hakimiliki.

Hata hivyo wakiirudisha naenda. Nanyi je, mmeona nini?

Chai_Rangi
Hapo kwenye kwato nimecheka hadi nimepaliwa 😂

BabuWaTemeke
Nyie vijana mnakaa kimya ukumbini kama mko kwenye mtihani. Sisi enzi za vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT, usiku mmoja unapata ngoma, sarakasi, maigizo, kisha taarabu. Maigizo yakidorora watu wanapiga soga waziwazi, msanii anaona mwenyewe kwamba hapa pamelala, anaongeza kituko. Kwenye taarabu ndiyo usiseme. Mama anasubiri mstari unaomgusa mbaya wake, anainuka na noti yake, anakwenda kutunza huku anamwangalia yule aliyekaa meza ya pili. Hapo ndipo unajua wimbo umefika. Sasa huko kwenu, kijana, mtu anaruhusiwa kuinuka?

MtotoWaKizingo
Babu, shikamoo. Ukiinuka pale unamulikwa tochi. Mwisho ni makofi na vigelegele, basi.

Wambui_Ruaka
Mimi yangu ni Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu alioandika Ngũgĩ wa Thiong'o na mwenzake, ilipoonyeshwa Kenya National Theatre 2022, Stuart Nash akiwa mwelekezi. Kulikuwa na maonyesho ya Kiingereza na ya Kikuyu. Nilimpeleka mama mkwe kwenye ya Kikuyu. Najua si tamthilia ya muziki hasa, lakini nyimbo zimejaa. Ile sehemu ya harusi wanapoimba gĩtiiro, pande mbili zikijibizana, mama mkwe alikuwa anajibu kutoka kitini bila kujijua. Wimbo pale ndio mabishano yenyewe, ukiutoa hakuna kinachobaki. Hicho ndicho unachokilalamikia wewe, MtotoWaKizingo: kwenu wimbo unasimama, hadithi inasubiri kando.

Udhaifu ni hotuba. Kwenye mwisho nilihisi tunahubiriwa. Ila ukikumbuka kwamba mchezo huo ulipigwa marufuku 1977 kule Kamĩrĩĩthũ na Ngũgĩ akatiwa ndani, unawasamehe wakihutubia.

Ticha_wa_Fasihi
Nafundisha sekondari, kila mwaka tunaandaa kitu cha tamasha la maigizo. Kuna mwaka tulikuwa na msichana mwenye sauti ya ajabu, tukamwekea wimbo katikati ya ugomvi wa mirathi. Watu walishangilia vibaya sana. Mwamuzi akatuuliza swali moja: kabla ya wimbo shamba lilikuwa la nani, na baada ya wimbo ni la nani? Tukabaki tunatazamana. Tulipoupanga upya, tukamfanya aimbe ule wasia wenyewe, kaka zake wakimkatiza kila ubeti. Makofi yalipungua kidogo, ila safari hii watu walikuwa wanabishana kuhusu shamba hadi getini.

Fundi_Mitambo
Mimi nakaa kwenye mashine ya sauti, hapa Dar. Mnalaumu waandishi bure. Nusu ya maonyesho niliyohudumia maneno ya nyimbo hayasikiki: bendi juu, maiki za waigizaji mbovu, muda wa kujaribu vyombo hakuna. Mtu anasema hadithi haieleweki kumbe hajaisikia.

MwanaKibokoni
MtotoWaKizingo, hapo kwenye Mombasa tutakosana. Mbona Shakespeare kaandika Venice ambayo hata Mwitaliano haijui, na mnamshangilia? Niachie Marimba wangu. Mtoto wa Kenya kaweka Mombasa kwenye jukwaa la New York, wewe unatafuta kwato.

MtotoWaKizingo
Shakespeare hakuzaliwa Venice, yakhe. Huyu ni wa nyumbani, ndiyo maana namdai.