Maombi ya mapema: kufungwa na Johns Hopkins, au kubaki huru kwa MIT na Princeton?

Mama Nasra

Ndugu zangu, salaam. Binti yetu anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Marekani na anataka kusomea uhandisi tiba. Moyo wake uko Johns Hopkins, ambako idara hiyo ina sifa ya muda mrefu, na angependa kuomba kwa mpango wa Early Decision, yaani ule ambao mwombaji akikubaliwa hana budi kujiunga na kuyaondoa maombi yake yote mengine. Baba yake anaona Princeton ndiyo njia ya busara, kwa kuwa mpango wake wa mapema haumfungi mtoto, ingawa unamkataza kuomba mapema katika chuo kingine cha binafsi nchini. Mshauri wa shule naye ametutajia MIT, ambayo mpango wake haufungi wala haukatazi. Tarehe ya mwisho ya vyote vitatu ni 1 Novemba, kwa hiyo ni lazima tuamue mapema.

Sisi ni wakazi wa kudumu. Mimi nimeajiriwa, lakini mume wangu anaendesha biashara yake mwenyewe, na mapato yake hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Alama za binti ni za juu na walimu wake wanamsifu, ingawa hana medali ya olimpiadi ya hisabati au sayansi wala uvumbuzi wa kutangazwa. Kila ninaposoma habari hizi naambiwa kwamba anayeomba kwa kufungwa huongeza sana nafasi yake. Swali langu ni hili: je, nyongeza hiyo ni ya kweli kwa mtoto wa kawaida kama wetu, na ni kubwa kiasi cha kutufanya tuache haki ya kulinganisha gharama za vyuo mbalimbali?

Mwalimu Shaibu

Mama Nasra, salaam. Nimewasaidia vijana wengi katika maombi ya aina hii, na nitaanza na pale ulipomalizia, kwa sababu suala la fedha ndilo linaloamua kama swali la nafasi lina haja ya kuulizwa.

Princeton na MIT hutoa msaada kwa kuangalia uhitaji wa familia, na Johns Hopkins nayo imejijenga kwa kiasi kikubwa katika msingi huo, hasa tangu mwaka 2018, tajiri Michael Bloomberg alipokitolea chuo hicho dola bilioni 1.8 kwa ajili ya msaada wa wanafunzi na chuo kikaacha kuwapangia mikopo. Watu husikia hivyo wakadhani kwamba gharama itakuwa ileile popote mtoto aendapo. Haiwi hivyo. Kila chuo kina kanuni yake ya kupima uwezo wa familia, na tofauti kati ya kanuni hizo hujitokeza zaidi pale mzazi anapomiliki biashara: kuna gharama ambazo sheria ya kodi inaziruhusu kupunguzwa kutoka kwenye mapato lakini chuo kikazirudisha, na kuna thamani ya biashara yenyewe, ambayo chuo kimoja kinaweza kuihesabu kuwa mali inayoweza kulipia ada na kingine kikaipunguzia uzito. MIT, kwa mfano, imetangaza kwamba kuanzia msimu wa vuli wa 2025 familia yenye mapato ya chini ya dola 200,000 kwa mwaka haitalipa ada ya masomo, lakini tangazo hilo linazungumzia familia yenye mali ya kawaida. Mwenye biashara asijihesabie humo kabla hajauliza.

Sheria ya nchi inavitaka vyuo kuweka kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti zao, na sharti hilo limetumika tangu mwaka 2011. Kaeni jioni moja, wewe na baba yake, mjaze vikokotoo vya vyuo vyote vitatu kwa takwimu zilezile za kodi, kisha mrudie zoezi hilo kwa kutumia mwaka ambao biashara ilifanya vizuri zaidi. Kwa familia ya mishahara mitupu vikokotoo hivi huwa karibu na ukweli; kwa familia yenye biashara vinaweza kukosea kwa maelfu ya dola. Kwa hiyo andikieni ofisi ya msaada wa kifedha ya Johns Hopkins, muwaeleze muundo wa biashara, na muwaulize wataihesabu vipi watakapoisoma fomu ya CSS Profile, ambayo huchimba mambo ya biashara kwa undani kuliko FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada. Jibu lao liwe la maandishi.

Jambo la pili sijaona likitajwa. Johns Hopkins huchagua wanafunzi wa uhandisi tiba kwa mchujo wa pekee, na mwombaji anaweza kukubaliwa na chuo lakini akakosa nafasi katika programu hiyo. Kabla binti hajatia saini, ofisi ya udahili iulizwe waziwazi ahadi yake itasimama vipi iwapo hilo litatokea, na binti mwenyewe aulizwe nyumbani kama angekipenda chuo hicho hata akiwa katika uhandisi mwingine. Akisita kujibu, basi anachokipenda ni programu, nayo saini haimhakikishii programu.

Hesabu Kwanza

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu fedha, ila swali la nafasi limeachwa njiani, nami ningependa kuliokota.

Nyongeza ipo. Mwaka 2003 Christopher Avery na wenzake, waliochambua maombi ya vyuo teule vya Marekani vya miaka ya 1990, walionyesha kwamba kuomba mapema kulimsaidia mwombaji kwa kiasi kinacholingana na kumwongezea takriban alama 100 za SAT, mtihani wa kuombea vyuo. Sababu haina fumbo: chuo kinachomkubali mwombaji aliyefungwa kina hakika kwamba atakuja, ilhali mwombaji wa kawaida anaweza kukubaliwa na vyuo vitano akavikataa vinne. Vyuo kadhaa vya namna hii hujaza karibu nusu ya darasa lao jipya kabla ya Januari, na hapo mwombaji wa kawaida hugombea kilichobaki.

Hata hivyo, asilimia zinazotangazwa zisisomwe kama zilivyo. Katika kundi la mapema wamo wanamichezo ambao makocha wamekwisha kuwachagua, na katika vyuo vingi wamo pia watoto wa wahitimu, ambao hupendelewa. Ukiwatoa hao, pengo kati ya asilimia ya mapema na ile ya kawaida hupungua sana. Hapa vyuo vyenu vitatu vinatofautiana: MIT haiwapi upendeleo watoto wa wahitimu, na Johns Hopkins ilitangaza mwaka 2020 kwamba ilikuwa imekwisha kuuacha upendeleo huo. Kwa hiyo takwimu za mapema za hivyo viwili hazijapotoshwa na jambo hilo, ingawa wanamichezo bado wamo.

Tofauti kubwa zaidi ni kati ya mpango unaofunga na usiofunga. Mwombaji wa mapema wa Princeton au MIT hajaahidi kitu, hivyo chuo hakina sababu kubwa ya kumpendelea kwa kuwahi tu. MIT huahirisha sehemu kubwa ya waombaji wake wa mapema na kuwasoma tena pamoja na kundi la kawaida. Kwa mtoto mwenye alama za juu asiye na jambo moja linalomtofautisha mara moja na wengine, Princeton ya mapema itampa jibu mapema. Sioni kwamba itampa zaidi ya hapo, na bei yake ni kuifunga milango mingine ya binafsi mwezi huo. Baba Nasra anisamehe, lakini kati ya njia tatu hiyo ndiyo ninayoiona dhaifu kwa binti ambaye Princeton si chaguo lake la kwanza.

Nikumbushe pia kwamba Harvard na Princeton zilitangaza mwaka 2006 kuufuta udahili wa mapema, zikisema kwamba unawanufaisha wenye uwezo na wenye washauri wazuri, kisha mwaka 2011 zikaurudisha. Hoja waliyoitoa 2006 haikuwahi kujibiwa. Walirudi kwa sababu vyuo vingine vingi havikuwafuata.

Zawadi M.

Shikamoo, Mama Nasra. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni na nina neno moja tu la utendaji. Maombi haya matatu hayafanani kwa kazi. MIT ina mfumo wake wa maombi, wenye maswali mengi mafupi, na hayo hayatumiki kwingine. Princeton huomba karatasi ya maandishi ambayo mwalimu amekwisha kuisahihisha na kuitia alama, kwa hiyo atafute insha nzuri ya historia au fasihi sasa hivi. Majibu ya mapema hutoka katikati ya Desemba, na maombi mengi ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari. Anayesubiri kukataliwa ndipo aanze insha nyingine huziandika zote kwa wiki mbili, tena akiwa na huzuni, na maandishi yake huonyesha hivyo. Aziandike Oktoba.

Mama Nasra

Marahaba, mwanangu, na asanteni nyote. Tulijaza vikokotoo jana usiku. Princeton na MIT zimekaribiana. Johns Hopkins imetofautiana nazo kwa kiasi tunachoweza kukibeba mwaka ambao biashara ni nzuri, lakini kitatubana mwaka mbaya. Naomba kuuliza mawili. Ikiwa atakubaliwa kwa kufungwa na msaada usitoshe, je, tunaweza kujitoa kwa heshima? Na nimesoma kwamba Johns Hopkins ina duru ya pili ya kufungwa mwezi Januari. Je, hiyo ina maana yoyote kwetu?

Mwalimu Shaibu

Mnaweza kujitoa. Familia ambayo haiwezi kumudu kwa msaada iliopewa huachiliwa, na utaratibu huo unajulikana. Lakini mtajitoa bila kuona ambacho wengine wangewapa, kwa kuwa majibu ya kawaida hayatoki hadi Machi, na uamuzi wenu utahitajika ndani ya wiki chache. Ndiyo maana mwaka mbaya wa biashara uelezwe kwa nyaraka mapema, pamoja na fomu zenyewe. Barua ya kukata rufaa baada ya kukubaliwa husomwa vizuri zaidi inapoeleza jambo ambalo chuo kilikwisha kulisikia.

Duru ya pili, naam, ina maana kubwa kwenu. Binti anaweza kuomba MIT kwa tarehe 1 Novemba bila kufungwa, akapata jibu katikati ya Desemba, na akaamua wakati huo kama atajifunga na Johns Hopkins mwanzoni mwa Januari. Mtakuwa mmepata miezi miwili ya kuzungumza na ofisi ya fedha, na pengine mtakuwa na hesabu za biashara za mwaka unaoisha.

Hesabu Kwanza

Mpango huo ni mzuri kwa wazazi, na sisemi kwa kejeli. Ila katika duru ya pili sehemu ya nafasi imekwisha kuchukuliwa, na binti atakuwa ameisogeza nyuma nafasi yake bora katika chuo anachokipenda ili wazazi wapate muda wa hesabu. Kama ofisi ya fedha ya Johns Hopkins itajibu kwa maandishi kabla ya Oktoba kwisha, na jibu likabebeka hata mwaka mbaya, mimi ningemwacha aombe anakotaka tarehe 1 Novemba.

Mwalimu Shaibu

Kwa sharti hilo sina pingamizi. Wakijibu vizuri, aombe Johns Hopkins; wakinyamaza au wakijibu kwa maneno ya jumla, aende MIT na duru ya pili ibaki akiba. Na mshauri wa shule aambiwe mapema, Mama Nasra, kwa sababu mkataba wa kufungwa husainiwa na watu watatu, yaani mwanafunzi, mzazi na mshauri, na shule huulinda mkataba huo kwa ajili ya wanafunzi wake wa miaka ijayo. Asije akaletewa karatasi ya kusaini tarehe 31 Oktoba.